Ukungu wa Pili

Ukungu wa kwanza ni ule wa Desemba,
umelala juu ya Brahmaputra hadi saa nne asubuhi,
hauna haraka, hauna mwajiri.
Ukungu wa pili ndio nilioufuata:
kiraka cha zambarau iliyochujuka
kwenye kiwiko cha mchai uliopogolewa,
laini kama sikio la ndama.

Budhni Kurmi ana gunzi la hindi
na ndoo ya chokaa.
Miaka ishirini na miwili anasugua viraka hivi,
analipwa kwa mistari, si kwa matawi.
"Hiki si kama vile vya upande wa mto," akasema.
"Vile vinabanduka kama utando wa uji.
Hiki kinashika. Kina kitu ndani."

Ndiye aliyekiona kwanza.
Kwa desturi yetu karatasi ingesema "aliyekusanya",
kisha jina langu.

Nikainua ukingo kwa ncha ya wembe.
Chini yake, nyumba.
Nguzo, dari, ushoroba wa giza,
na katika kila chumba mdudu gamba mmoja,
hana miguu, hana mbawa,
mdomo wake mrefu kuliko mwili
umezama kwenye utomvu, hautoki tena.
Mvua haimpati. Nyigu hamwoni.
Makazi ya bure, nikadhani.

Maabara ya Jorhat, saa saba usiku.
Rangi nyekundu ilipenya kwenye kipande
nikaona kodi inavyolipwa:
nyuzi za kuvu zimeingia mwilini mwa mdudu,
zimejikunja kama springi za kalamu,
zinanywa kwake anachokinywa mtini.
Hafi.
Hapo ndipo mkono wangu uliposita kwenye hadubini.
Anaishi kuliko wenzake,
ila hazai.
Chumba cha jirani yuko mwingine, mzima, hajaguswa;
watoto wake watatoka mlangoni
na vumbi la mbegu za kuvu mgongoni,
waende kuezekewa tawi jingine.

Nilipima vijimbegu mia moja.
Virefu kuliko vya ndugu zake wote wanaojulikana,
tena vimepinda,
kama mtu anayesikiliza ukutani.
Vinasaba viliporudi kutoka Hyderabad
havikulingana na vya yeyote.
Nikacheka peke yangu,
nikatafuta wa kumpigia simu,
ilikuwa saa tisa na nusu usiku,
nikachemsha maji.

Jumapili nilirudi bustanini na picha.
Budhni aliitazama, kidole kikielea juu yake bila kugusa.
Nyumba yake ni ya kampuni:
bati la kampuni, namba ya kampuni mlangoni,
na sharti kwamba mmoja wa ukoo awe shambani
ili wengine walale humo.
Mdogo wake, Sumila, ni muuguzi Guwahati,
ana watoto watatu.
Yeye hana.
"Huyu," akasema, akimwonyesha mwenye nyuzi,
"anajua?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu neva.

Kisha nikamwambia: kuvu mpya hupewa jina,
nataka kuipa lako.
Akaliweka gunzi chini.
"Jina langu kwenye ugonjwa wa mti?
Kila msimamizi alitaje akiagiza chokaa?
Mpe yule anayetoka."
Nikaeleza kwamba anayetoka ni mdudu,
na mdudu ana jina lake tangu zamani.
"Basi shauri yako," akasema,
akarudi kwenye mstari wake,
maana mistari ilikuwa bado kumi na minne.

Fomu iko mezani.
Mti, mwinuko, tarehe, vyote nimejaza.
Penye "aliyekusanya" nimeandika Kurmi, B.,
halafu mimi.
Penye jina pako wazi wiki ya tatu sasa.
Tawi la mfano limekauka ndani ya bahasha,
na asubuhi hii kuna kitoto cha gamba,
chekundu, kidogo kuliko nukta,
miguu sita bado anayo,
anakata karatasi kutoka pembeni.
Amefika kwenye nafasi ya jina.
Nimezuia pumzi ili apite.